Mali Bila Daftari: Funzo la Ndege Iliyotumwa Kusikiliza

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Mhariri aliniomba niandike maoni yangu kuhusu jambo lolote lile mradi liwe na funzo. Wenzangu wengi wameshika kalamu kuandika juu ya nidhamu, chakula cha shule na marafiki wabaya. Mimi nimeamua kuandika juu ya rada, na hasa juu ya mitambo inayobebwa ndani ya ndege ili kuzisikiliza rada za watu wengine na kuandika kila zinachosema. Najua kuna anayetaka kugeuza ukurasa sasa hivi. Ngoja kidogo, ndugu yangu. Nina ungamo la kutoa humu ndani, na mwalimu wetu mmoja atalisoma kwa mara ya kwanza hapa hapa.

Maoni yangu ni haya: mtu anayeandika kile alichokiona kwa kweli, hata kama alichokiona ni "hakuna kitu", ana manufaa kuliko yule anayeandika jibu zuri ambalo hakuliona. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini daftari lenyewe likiwa na uongo, basi mali na habari vyote vimepotea kwa pamoja. Hayo sikufundishwa na kitabu cha maadili. Nilifunzwa na kisa cha wanaume waliokuwa ndani ya ndege ya vita mwaka wa 1942, kisa ambacho mwalimu wetu wa Fizikia alitusimulia siku moja stima zilipopotea na tukawa hatuna la kufanya.

Nianze na tochi. Sisi tunaolala bwenini twajua sana habari ya tochi. Taa zimezimwa, watu wanapiga soga, mara mwalimu wa zamu anatokea kule kwenye jikoni na tochi yake. Je, ni nani humwona mwenzake kwanza? Si sisi? Mwalimu bado yuko mbali, mwangaza wa tochi yake haujatufikia vizuri hata atambue nani ni nani, lakini sisi tumeshamwona na kila mtu amejifunika blanketi akikoroma kama mzee wa miaka 80. Tochi humsaidia mwenyewe kuona, lakini pia humtangaza.

Rada nayo ni tochi ya namna hiyo. Hurusha mawimbi ya redio kwa mipigo mifupi mifupi, kisha hunyamaza ikingoja mwangwi. Mpigo ukigonga ndege, sehemu ndogo ya mawimbi hayo hurudi nyuma. Mawimbi ya redio husafiri kiasi cha kilomita 300,000 kila sekunde, kwa hivyo rada hupima muda wa kwenda na kurudi, ikajua umbali. Mwangwi ukirudi baada ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, mawimbi yamesafiri kilomita 300, nusu ya kwenda na nusu ya kurudi. Ndege iko kilomita 150 kutoka pale.

Sasa oneni siri yake. Ili rada imwone mtu, mawimbi lazima yaende na kurudi. Anayeisikiliza anahitaji yaje upande mmoja tu. Umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu inayomfikia msikilizaji hupungua mara 4, lakini mwangwi unaomrudia mwenye rada hupungua mara 16. Ndiyo maana msikilizaji mwenye kipokezi kizuri huweza kuitambua rada kabla rada haijamtambua yeye. Ni habari ile ile ya mwalimu wa zamu na bweni, tofauti ni kwamba hapa hakuna blanketi.

Lakini kwa nini kipokezi kibebwe na ndege? Si kingewekwa tu juu ya mlima watu wakae chini wasikilize wakinywa chai? Tatizo ni kwamba mawimbi ya rada nyingi hupenda kwenda moja kwa moja, na dunia yetu ni duara. Kipokezi kilicho juu ya mnara wa mita 100 kitasikia rada iliyo chini hadi kiasi cha kilomita 40 hivi. Ukikipandisha hadi mita 6,000 angani, kitasikia hata ile iliyo zaidi ya kilomita 300. Isitoshe, kuna rada ambazo zenyewe zimebebwa na ndege na ambazo huwashwa usiku tu, mbali sana na pwani yako. Hizo utazisikiaje ukiwa nyumbani?

Basi ndani ya ndege huwekwa antena, kipokezi, visikizi vya masikioni, kioo cha kuonyesha umbo la mipigo, na kitu cha kuandikia. Mwanzoni kitu hicho kilikuwa penseli na karatasi. Baadaye zikaja kamera za kupiga picha ya kile kioo, kisha kanda za sumaku, na siku hizi ni kumbukumbu za kompyuta. Msikilizaji hutafuta mambo kadhaa. Kwanza, mawimbi yanatetema mara ngapi kwa sekunde, yaani masafa yake. Pili, mipigo ni mingapi kwa sekunde. Mipigo 1,000 kwa sekunde husikika masikioni kama mlio mwembamba unaokera, kama mbu aliyeingia ndani ya neti. Tatu, mpigo mmoja una urefu gani. Nne, mlio huja na kuondoka baada ya muda gani, maana rada nyingi huzunguka kama kichwa cha mtu anayelinda mahindi.

Kutokana na hayo machache mtu huweza kujua mengi. Rada ikipiga mara 500 kwa sekunde, kati ya mpigo na mpigo kuna sehemu 2 za elfu za sekunde. Basi kwa kawaida imekusudiwa kuona vitu visivyozidi kilomita 300, kwani mwangwi wa mbali zaidi ungerudi wakati mpigo mwingine umeshatoka, ukaleta fujo. Hebu fikirini! Mwenye rada hajasema neno hata moja, naye msikilizaji ameshajua macho yake yanafika wapi. Lakini haya yote yategemea jambo moja: hesabu iliyoandikwa iwe ni hesabu iliyosikika. Ukiandika 500 kwa sababu jana mwenzako aliandika 500, umewadanganya watakaokufuata, nao wataruka kwa kuamini uongo wako.

Kazi hii ilianza kwa njia ya unyenyekevu sana. Mwaka wa 1940 Ujerumani ilikuwa ikijiandaa kuishambulia Uingereza kwa ndege usiku. Mwanasayansi kijana wa Kiingereza, R. V. Jones, aliyekuwa na umri wa miaka 28, alishuku kwamba Wajerumani walikuwa wamepata njia ya kurusha miale miembamba ya redio kutoka kwao hadi juu ya miji ya Uingereza, ili marubani waifuate gizani kama mtu afuataye uzi. Hiyo haikuwa rada hasa, bali ni jamaa yake wa karibu. Mtaalamu mmoja mkubwa wa mawimbi alisema jambo hilo haliwezekani, kwani mawimbi hayangepinda kufuata duara la dunia hata yakafika huko. Mtu mkubwa amenena, hesabu ipo, nani wa kubisha?

Badala ya kubishana mpaka asubuhi, Waingereza walituma ndege. Tarehe 21 Juni 1940 ndege ndogo aina ya Anson iliruka usiku ikiwa na kipokezi ambacho kiliundwa Marekani kwa ajili ya watu wanaocheza na redio kwa kujifurahisha tu. Wakaupata mwale! Ulikuwa na upana wa kiasi cha yadi 400 hadi 500, ukipita karibu na mji wa Spalding, na mwale wa pili ukiukata mbele yake. Mambo yaliyoandikwa na watu wawili watatu ndani ya ndege ndogo yalishinda hesabu ya mtaalamu. Si kwamba mtaalamu alikuwa mjinga, la hasha. Alikuwa amekokotoa bila kwenda kusikiliza.

Sasa nije kwa ndege yangu ya 1942. Wakati huo Waingereza ndio waliokuwa wakishambulia Ujerumani usiku, na ndege zao zilikuwa zikiangushwa na ndege za Wajerumani zilizowakuta gizani kana kwamba ni mchana. Walishuku kwamba ndege hizo zilikuwa zimewekwa rada zenye masafa ya karibu megahezi 490. Vituo vya kusikiliza vilivyokuwa chini vilikuwa vimepata dalili. Lakini dalili si ushahidi. Ilitakiwa mtu aende huko angani, asikie mlio, na athibitishe kwamba mlio ule umetoka kwenye ndege inayomfuata yeye. Kwa lugha nyingine, alitakiwa mtu akubali kuwa chambo.

Kazi hiyo ilipewa kikosi kidogo kilichotumia ndege aina ya Wellington. Waliruka mara 17 bila kupata ushahidi uliotafutwa. Hebu tulieni hapo kwanza. Mara 17! Kila mara wanavaa, wanapanda, wanakwenda kule kunakouawa watu, wanarudi, wanaulizwa "Vipi?" na jibu ni "Bado." Hakuna aliyerudi na jibu la kubuni ili apumzike. Na jibu walilijua! Kila mtu alishaambiwa kinachotafutwa ni megahezi 490. Kulikuwa na ugumu gani wa mtu kuandika kwamba amelisikia, akaenda zake kulala?

Alfajiri ya tarehe 3 Desemba 1942, katika safari ya 18, Wellington moja iliyokuwa ikiendeshwa na rubani Edwin Paulton ilikuwa juu ya Ujerumani. Msikilizaji wake alikuwa Harold Jordan. Alisikia mlio kwenye masafa yale, ukiendelea kupata nguvu. Akawaonya wenzake kwamba huenda wakashambuliwa, kisha akaandika ujumbe kwa mafumbo, na Bigoray, aliyekuwa mtuma simu ya upepo, akaanza kuutuma Uingereza. Mlio ukazidi mpaka ukajaa masikioni. Ndege ya Kijerumani aina ya Junkers 88 ikatokea nyuma yao na kuanza kufyatua risasi.

Jordan alipigwa mkononi. Akaendelea kusikiliza. Akaandika ujumbe wa pili uliosema kwamba sasa hapakuwa na shaka, mlio ule ulitoka kwa ndege iliyowashambulia. Ndege ikarudi tena na tena. Jordan akapigwa tayani na jichoni. Hata hapo, alipokuwa haoni vizuri, alijaribu kumwelekeza mwenzake jinsi ya kuushika ule mtambo ili kazi isikatike. Bigoray naye alijeruhiwa vibaya miguuni, lakini aliendelea kutuma ujumbe bila kujua kama kuna anayeusikia huko nyumbani. Ndege ilikuwa imetobolewa kama chujio. Paulton akaivusha bahari, lakini hakuthubutu kuiteremsha chini, akaamua kuitua majini. Kwa kuwa Bigoray asingeweza kujitoa ndani ya ndege inayozama, alirushwa kwa parachuti juu ya nchi kavu akiwa na nakala ya ujumbe. Wengine wakatua baharini karibu na Walmer, katika pwani ya Kent, wakaokolewa kwa mashua. Wote walitoka hai, ila Jordan alipoteza jicho moja.

Na ujumbe? Ulikuwa umefika. Katika mwaka uliofuata Waingereza waliunda kifaa cha kufuata mlio wa rada zile zile, wakakiweka ndani ya ndege zao ili mwindaji naye awindwe. Mnamo Mei 1943 ndege moja ya Kijerumani ilitua Scotland pamoja na rada yake, na rada ikaonekana kuwa ni ya masafa yale yale. Daftari la Jordan lilikuwa la kweli.

Haya, ungamo langu ndilo hili. Muhula uliopita tulikuwa na jaribio la pendulamu katika maabara. Mnalijua: uzi, jiwe dogo, saa ya kupimia sekunde. Unapima muda wa kubembea mara 20 kwa urefu sita tofauti wa uzi, unachora grafu, halafu unatafuta nguvu ya mvutano wa dunia. Sisi watu wanne wa meza yetu tulipima urefu mmoja tu. Uzi wa sentimita 100, kama sekunde 40. Kengele ya chakula ilikuwa karibu, na siku hiyo kulikuwa na chapati. Mmoja wetu akasema, "Aa, si jibu tunalijua? Ni 9.8. Hebu tulipike." Tukachukua fomula, tukarudi kinyumenyume, tukajaza vipimo vitano ambavyo hakuna aliyevipima. Tukaongeza makosa madogo hapa na pale yasije yakaonekana masafi mno. Grafu ikatoka imenyooka kama rula, jibu 9.8, alama 9 kwa 10.

Meza iliyofuata walipima vyote sita. Upepo wa dirishani uliwasumbua, na mahali fulani nadhani walihesabu 19 badala ya 20, kwa maana nukta moja iliondoka kwenye mstari. Jibu lao likawa 9.3, alama 6. Tuliwacheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Leo naona haya hata kuyaandika haya, lakini nimeyaandika.

Tulipomaliza kusikia kisa cha Jordan, darasa zima lilipiga makofi. Mimi mikono ilikuwa mizito. Nilikuwa nikifikiria zile safari 17. Sisi hatukuweza kuvumilia dakika 30 na uzi mmoja, tena bila mtu wa kutufyatulia risasi.

Kuna rafiki yangu nilimweleza mawazo haya, akanijibu, "Wewe nawe! Jibu lenu lilikuwa sahihi. 9.8 ni 9.8. Hata Jordan angebuni 490, si ingekuwa 490?" Nilikosa la kumjibu siku ile, nikakaa nalo wiki nzima. Sasa jibu ninalo. Ni kweli kwamba Jordan angebuni, nambari ingekuwa ile ile. Lakini Waingereza hawakuwa wakitafuta nambari. Nambari walikuwa nayo. Walikuwa wakitafuta mtu wa kuwaambia, "Nilikuwako, nimesikia." Jibu sahihi lisiloshuhudiwa halimwongezei mtu chochote, kwa kuwa halina tofauti na bahati. Na ubaya wake ni huu: siku jibu linalotarajiwa litakapokuwa si sahihi, mpishi wa majibu hatajua. Kumbukeni mwale wa 1940. Lau wale wa kwenye Anson wangekuwa na tabia ya meza yetu, wangeandika "hakuna mwale" kwa kuwa mtaalamu alikwisha kusema haupo. Nao mwale ulikuwepo, ukimngoja mtu mwaminifu.

Rafiki mwingine alipinga kwa njia nyingine. Alisema kwamba nawasifu watu waliotumwa na wakubwa wao wakauawe, na kwamba hakuna sifa katika kuwa chambo. Huyu namheshimu, maana hoja yake ina uzito. Sisemi kwamba ilikuwa haki kwa wakubwa kuwatuma. Kazi hii imekula watu hata baada ya vita vile. Tarehe 1 Julai 1960 ndege ya Marekani ya kusikiliza rada iliangushwa na Wasovieti juu ya Bahari ya Barents, wakafa watu 4 kati ya 6. Mwezi wa Aprili 1969 Korea Kaskazini iliangusha nyingine, wakafa watu wote 31 waliokuwamo. Mwezi wa Aprili 2001 ndege ya Marekani ya kazi hiyo hiyo iligongana na ndege ya kivita ya China karibu na kisiwa cha Hainan. Rubani wa Kichina akapotea baharini, na Wamarekani 24 wakazuiliwa kwa siku 11. Wote hao walikuwa watoto wa watu. Nikiwa mwanafunzi tu siwezi kuamua kesi hiyo ya mataifa, lakini naona wazi kwamba kadiri habari inavyonunuliwa ghali, ndivyo uongo juu yake unavyokuwa dhambi kubwa zaidi.

Aidha, kuna wanaosema kwamba mambo haya ya kuandika kwa uaminifu yamepitwa na wakati, kwani siku hizi mashine hujirekodia zenyewe. Ni kweli mitambo imesonga mbele. Mwezi wa Februari 1966, katika vita vya Vietnam, Wamarekani walitaka kujua ishara zinazolipua kombora la kutungulia ndege. Safari hii hawakumtuma Jordan mwingine. Walituma ndege isiyo na rubani. Kombora likaifuata, nayo ikanasa ishara zote na kuzirusha kwa ndege nyingine iliyokuwa mbali, mpaka dakika ilipolipuliwa. Chambo kilikuwa chuma, si mtu. Hayo ni maendeleo ninayoyapigia makofi kwa mikono miwili.

Lakini je, mashine ndiyo iliyoamua nini kitafutwe? Ndiyo iliyosema "hii ni ishara na hii ni kelele tu"? La. Baada ya mashine kurekodi, mtu huketi na kusoma, na pale pale ndipo kishawishi kinapokaa: kuona unachotaka kuona, na kufuta kile kinachokuharibia mstari. Kirekodi kizuri mkononi mwa mpishi wa majibu ni sawa na sufuria mpya tu.

Kwa hivyo nina mapendekezo mawili, moja kwa wanafunzi na moja kwa walimu wetu, kwa heshima zote.

Kwa wanafunzi wenzangu: tuache kupika. Ukipima ukapata kitu cha ajabu, kiandike hivyo hivyo, halafu andika kando unavyofikiri kimetokea nini. "Upepo ulivuma." "Nilipoteza hesabu." Hata "sikuona kitu" ni kipimo. Wale wa Wellington walileta vipimo 17 vya namna hiyo, na bila subira ile safari ya 18 isingalikuwako.

Kwa walimu wetu: mtusaidie. Mkitoa alama kwa mstari ulionyooka tu, sisi tutaunyoosha kwa rula. Naomba pawe na alama za yule aliyeonyesha nukta yake mbaya na kuieleza. Wale wa meza ya pili walistahili zaidi yetu. Sikuandika haya ili yeyote aadhibiwe zaidi yangu mimi. Wenzangu watatu wa meza niliwaambia mapema kwamba nitaandika, na wawili walikubali. Wa tatu hanisemeshi mpaka leo.

Mwalimu wangu wa Fizikia, najua unasoma. Zile alama 9 si zangu, naomba uziondoe. Jumamosi iliyopita niliomba uzi, jiwe na saa kwa msimamizi wa maabara, nikarudia jaribio lote peke yangu, vipimo vyote sita, dirisha likiwa limefungwa. Nimepata 9.6. Grafu yangu ina nukta moja iliyotoka nje ya mstari kama mtoto mtoro, na sijui ilikwenda kutafuta nini huko. Sikuifuta. Iko kwenye daftari langu, ukurasa wa mwisho, na tarehe nimeandika.